Tone la Jicho na Jeni ya Kupandikizwa

Mhadhara kwa wafugaji, maofisa ugani na wanafunzi, Bariadi



Nimeombwa nieleze chanjo za kizazi kipya dhidi ya magonjwa ya virusi yanayoshambulia njia ya hewa ya kuku, zile zinazotengenezwa kwa kuchukua jeni ya kirusi kimoja na kuipandikiza ndani ya kirusi kingine. Nina msimamo, na ni vizuri mkaujua tangu mwanzo. Naamini Tanzania inaweza, na inapaswa, kutengeneza chanjo ya namna hiyo yenyewe. Naamini pia kwamba kazi hiyo ikianza kwa kuiga chanjo za mashamba makubwa ya Ulaya na Marekani itatupatia kitu kizuri ambacho hakitafika Mwanhuzi wilayani Meatu wala Lagangabilili wilayani Itilima.

Nianze na ugonjwa wenyewe. Mdondo, ambao wengine wanauita kideri, kila aliyefuga kuku mkoani kwetu Simiyu amewahi kuuona ukifagia banda. Kuku anazubaa, macho yanavimba, anahema mdomo wazi huku akikoroma, anaharisha kijani. Wengine wanapooza bawa au mguu, wengine shingo inapinda. Kirusi kikiwa kikali na kundi halijachanjwa, kati ya kuku kumi wanaweza kufa wanane, au tisa, au wasibaki kabisa.

Huja zaidi kiangazi. Sababu za majira hayo ni kadhaa na wataalamu bado wanazibishania, lakini moja tunaiona kwa macho: pamba ikishauzwa, kuku nao wanasafiri. Wanabebwa kwenye matenga ya baiskeli kwenda minadani, wanapelekwa ukweni, wanapakiwa kwenye mabasi ya Mwanza. Kuku aliyeambukizwa leo anaweza kuonekana mzima kwa siku tano au sita, na siku hizo zinamtosha kufika wilaya nyingine. Kisha kuna mama aliyeamka akakuta wawili wamekufa, naye akawauza waliobaki kabla jua halijazama. Simlaumu, anaokoa anachoweza kuokoa. Katika kaya nyingi za Kisukuma ng'ombe ni mali ya kujadiliwa na wazee, ila kuku ndiyo fedha ambayo mama anaweza kuigusa bila kikao: daftari za watoto, sare, nauli ya kwenda hospitali. Kuku hao wakifa, hakuna mfuko mwingine.

Ugonjwa huu haukuzaliwa kwetu. Ulielezwa kwa mara ya kwanza mwaka 1926, kisiwani Java na karibu na mji wa Newcastle, Uingereza, ndiyo maana Wazungu waliupa jina la mji huo. Kenya iliurekodi mwaka 1935. Kuku wetu hawakuwa wamewahi kukutana nao, na karibu karne moja baadaye bado unarudi kila mwaka.

Sasa naomba tuingie ndani ya kirusi chenyewe, kwa sababu bila hapo mengine yote yatakuwa maneno tu. Kirusi cha mdondo kina uzi mmoja wa RNA wenye herufi za kikemikali zipatazo 15,000, na jeni kuu sita. Mbili ndizo zinazotuhusu leo. Moja hutengeneza protini inayoitwa HN, ambayo hukishikiza kirusi kwenye seli ya kuku. Nyingine hutengeneza protini F, inayoyeyusha mpaka kati ya kirusi na seli ili kirusi kiingie. Protini F huzaliwa haijakamilika. Ni lazima ikatwe mahali maalumu na kimeng'enya cha kuku mwenyewe ndipo ianze kazi.

Tofauti kati ya kirusi kinachoua na kirusi kipole iko hapo hapo mahali pa kukatwa. Katika kirusi kikali, pamejengwa kwa namna ambayo vimeng'enya vilivyomo karibu kila kiungo vinaweza kupakata. Kirusi kinazaana kwenye mapafu, utumbo, wengu, hata ubongo, na shingo inayopinda ni dalili kwamba kimeshafika huko. Katika kirusi kipole, kazi hiyo inawezekana tu kwa vimeng'enya vya njia ya hewa na vya utumbo, hivyo kirusi hakivuki mipaka hiyo. Kuku haugui, lakini mwili wake umeshazisoma HN na F na kutengeneza kingamwili dhidi yake.

Hiyo ndiyo kanuni ya chanjo ya I-2, ile ya tone la jicho. Profesa Peter Spradbrow na wenzake wa Chuo Kikuu cha Queensland, Australia, walichambua virusi vipole vilivyotoka kwa kuku wa nchi yao wakachagua kimoja kinachostahimili joto. Halafu wakafanya jambo ambalo mimi nalihesabu kuwa na uzito sawa na sayansi yenyewe: kwa ufadhili wa taasisi ya serikali yao ya utafiti wa kilimo wa kimataifa, wakazipa nchi zenye uhitaji mbegu ya kirusi hicho bila malipo, ili kila nchi itengeneze chanjo yake. Hapa Tanzania kazi ilianzia kwenye maabara ya utafiti wa magonjwa ya mifugo ya Temeke, Dar es Salaam. Watafiti Wambura, Kapaga na Hyera waliijaribu kwa kuku wa biashara na wa vijijini, na matokeo yao yakachapishwa mwaka 2000. Leo inatengenezwa Kibaha, chini ya Wakala wa Maabara ya Veterinari.

Ubora wa I-2 kwa mkoa kama huu unaonekana ukiangalia kipimajoto. Ikishakaushwa na kutunzwa gizani, inaweza kubaki hai kwa wiki nane kwenye nyuzi 28 za Selsiasi. Si ruhusa ya kuiacha juani kwenye tenga la pikipiki, ila inatosha kuitoa Bariadi mjini hadi kijiji cha mwisho Meatu ikiwa ndani ya kitambaa kibichi, bila jokofu. Anayeitoa hahitaji sindano wala shahada. Anahitaji chupa yenye kitoneshi kilichopimwa, mikono misafi, na kalenda ya kurudia kila baada ya miezi mitatu hadi minne. Juni 2025, kwenye viwanja vyetu vya Nyakabindi, Rais Samia Suluhu Hassan alizindua kampeni ya kitaifa ya chanjo na utambuzi wa mifugo, na kuku wa asili waliwekwa ndani yake bila mfugaji kutozwa. Nasema kwa sauti kubwa ili nisieleweke vibaya: chochote nitakachosema kuanzia sasa kisimfanye mtu yeyote hapa aache tone lililopo akisubiri lijalo.

Kwa nini basi tutafute zaidi?

Sababu ya kwanza ni kwamba kuku akikohoa hapa kwetu jina ni moja tu, mafua, na ndani ya jina hilo kuna magonjwa mengi. Kuna mafua ya bakteria, yale yanayovimbisha uso, ambayo dawa ya kuua vijidudu huweza kuyapunguza. Kuna mkamba wa kuku, unaoletwa na kirusi cha jamii ya korona, uliotambuliwa Marekani mwanzoni mwa miaka ya 1930, muda mrefu kabla binadamu hajalijua neno korona. Kuna ugonjwa wa koromeo unaomfanya kuku akohoe damu. Kuna mafua makali ya ndege: Januari 2017 ndege wa mwituni walikufa kwenye mwambao wa Ziwa Victoria upande wa Uganda, karibu na Entebbe, na kuku wa wafugaji huko wakaambukizwa. Ziwa hilo ndilo linaloigusa wilaya yetu ya Busega. I-2 haina la kufanya dhidi ya hata mmoja kati ya hayo. Na nawasihi wenye maduka ya dawa: kumuuzia mama tetrasaiklini kwa ajili ya mdondo ni kumtoza fedha kwa ugonjwa ambao dawa hiyo haiwezi kuugusa.

Sababu ya pili ni ya kitaalamu zaidi. I-2 humkinga kuku asife, lakini aliyechanjwa akikutana na kirusi kikali bado anaweza kukipumulia nje na kukinya kwa siku chache. Virusi vya mdondo vyote duniani ni vya aina moja kwa kipimo cha kingamwili, ila kijenetiki vimegawanyika katika makundi, na lile linaloitwa kundi la 5 limezunguka Afrika Mashariki, Tanzania ikiwamo. Kadiri protini za chanjo zinavyofanana na za kirusi kinachozunguka, ndivyo kuku anavyomwaga kirusi kidogo. Kwa banda la kuku elfu kumi lililofungwa hilo ni jambo la hesabu za faida. Kwa kijiji ambacho kuku wa kaya thelathini wanachakura jalala moja, ni suala la ugonjwa kuzimika au kuendelea kufukuta.

Sasa chanjo za kupandikiza jeni. Mnachagua kirusi ambacho hakimdhuru kuku, tukiite kirusi mbebaji. Mnafungua mahali katika jeni zake pasipoathiri uhai wake, mnaweka hapo jeni ya protini mnayoitaka, tuseme F ya mdondo. Mbebaji akizaana ndani ya kuku, anatengeneza protini zake pamoja na hiyo ya kupandikizwa. Mwili wa kuku unajifunza magonjwa mawili kwa dozi moja, na kirusi cha ugonjwa wa pili hakijawahi kuingia. Kuna faida nyingine ambayo maofisa wangu wa maabara wataipenda: kwa vipimo vya damu unaweza kumtenga kuku aliyechanjwa na kuku aliyeugua, maana aliyechanjwa ana kingamwili dhidi ya protini moja tu ya ugonjwa ule, na aliyeugua anazo dhidi ya zote.

Wabebaji wanaotumika zaidi ni watatu. Nitatumia muda mrefu kwa kila mmoja, kwa sababu uchaguzi wa mbebaji ndiyo siasa yote ya jambo hili.

Kwanza, mashamba makubwa ya dunia yamekipenda kirusi cha bata mzinga, kwa kifupi HVT, kilichoanza kutumika mwanzoni mwa miaka ya 1970 kama chanjo ya ugonjwa mwingine wa kuku, uitwao Marek. Kimeshapandikizwa F ya mdondo, protini za kirusi cha ugonjwa wa koromeo, na nyinginezo, na chanjo hizo zinauzwa. Kinakaa ndani ya kuku maisha yake yote, hivyo dozi moja inatosha. Kingamwili alizorithi kifaranga kutoka kwa mama yake hazikizuii sana, kwa kuwa kinajificha ndani ya seli. Mtu akisikia hayo atasema kazi imekwisha. Haijaisha. Chanjo ya HVT kwa kawaida ni seli hai zilizogandishwa kwenye naitrojeni ya kimiminika, nyuzi 196 chini ya sifuri. Inayeyushwa kwa uangalifu na lazima iishe ndani ya muda mfupi, kwa sindano, kwenye kifaranga cha siku moja au yai linalokaribia kuanguliwa. Kinga yake kamili huchukua wiki tatu au nne kujengeka. Yote hayo yanawezekana kwenye kiwanda cha kutotolesha vifaranga. Kuku wa Itilima anaangua mayai kumi na mawili chini ya ghala la mtama, siku anayojua mwenyewe. Nani atamfuata pale na mtungi wa naitrojeni? Kwa wafugaji wa kuku wa kisasa wa Bariadi mjini wanaonunua vifaranga vilivyochanjwa tayari, HVT inafaa na waitumie. Kwa wengi waliokaa mbele yangu, haifai.

Mbebaji wa pili ni kirusi cha ndui ya kuku. Jeni zake ni ndefu, herufi karibu 288,000, hivyo kina nafasi kubwa ya kubeba mizigo, na kikikaushwa kinavumilia mazingira magumu. Hapa nchini kwetu tuna akiba ambayo watu wachache wanaijua. Profesa Philemon Wambura wa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo (SUA), Morogoro, yule yule wa majaribio ya I-2, alifanyia kazi aina ya kirusi cha ndui kinachostahimili joto, TPV-1, na kuonyesha kwamba kuku anaweza kupata kinga akitoneshewa jichoni. Kutoka mikononi mwake na SUA ilikuja chanjo iitwayo Tatu Moja, inayokusanya kinga ya mdondo, ndui na mafua ya bakteria pamoja. Tatu Moja imejengwa kwa njia ya kuchanganya chanjo, na haihitaji jeni kupandikizwa. Naitaja kwa sababu inathibitisha kwamba Morogoro kuna mikono inayoweza kubuni chanjo ya kuku kuanzia mwanzo hadi dukani.

Udhaifu wa ndui kama mbebaji uko kwa kuku wenyewe. Kuku wetu wengi wameshaugua ndui utotoni, mmeona vipele vyeusi kwenye upanga. Mwili wenye kinga ya ndui humuua mbebaji kabla hajatua mzigo.

Mbebaji wa tatu ni kirusi cha mdondo chenyewe. Mwaka 1999 maabara za Uholanzi na Ujerumani zilifanikiwa kukijenga upya kutoka kwenye nakala ya jeni zake iliyoandikwa kwa DNA, na tangu hapo imewezekana kukihariri. Kutoka katikati ya miaka ya 2000 China imetumia kwa kuku wengi sana kirusi kipole cha mdondo kilichopandikizwa jeni ya mafua ya ndege ya H5, kazi ya taasisi ya utafiti ya Harbin: chanjo moja, hai, magonjwa mawili. Na hapa ndipo ninapotaka kuwafikisha. Kama kirusi kipole cha kawaida kimeweza, I-2 yetu inayostahimili joto nayo ina kila sababu ya kujaribiwa. Tuichukue I-2, tuiwekee F na HN zinazofanana na za kundi la 5 linalozunguka kwetu, tukiwa tumeparekebisha mahali pa kukatwa ili pabaki papole. Kisha tuiongezee kipande cha protini ya mkamba. Ikifaulu, itatoka kwenye chupa ile ile na kuingia kwenye jicho lile lile, kwa mkono wa mchanjaji yule yule wa kijiji.

Ugumu upo, na wanafunzi mnaotaka kuifanya kazi hii muujue. Protini kuu ya kirusi cha mkamba ina jeni yenye herufi zaidi ya 3,000, mzigo mzito kwa kirusi chenye 15,000. Kikibebeshwa yote kinaweza kudhoofika au kuutupa. Ndiyo maana watafiti wengi wanapandikiza sehemu yake tu. Mkamba wenyewe una aina nyingi zisizokingana vizuri, hivyo ni lazima kwanza tujue ni zipi zilizopo kwa kuku wetu. Kuhusu H5 mimi nasema tusiharakishe: chanjo ya mafua ya ndege isiyosimamiwa kwa vipimo vya mara kwa mara inaweza kuficha ugonjwa badala ya kuuondoa. Halafu kuna swali la kingamwili za awali, maana mtetea aliyechanjwa I-2 huwarithisha vifaranga wake kinga ya wiki kadhaa, na kinga hiyo itampinga mbebaji. Huenda tukalazimika kuchanja kifaranga wiki ya tatu na kurudia. Huenda pia kustahimili joto kukapungua jeni ikishaongezwa. Haya hayajulikani kwa kubahatisha, yanapimwa.

Mtaniuliza sheria inasemaje. Kirusi kilichopandikizwa jeni kinaangukia kwenye kanuni za usalama wa viumbe vilivyobadilishwa za mwaka 2009, zilizotungwa chini ya Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004. Wakulima wa pamba mnakumbuka mjadala wa mbegu za jeni, na jinsi Novemba 2018 serikali ilivyosimamisha majaribio ya mazao hayo Makutupora, Dodoma. Naiheshimu hofu iliyokuwa nyuma ya uamuzi ule, hasa hofu ya mkulima kufungwa na kampuni kwenye mbegu. Ila mbegu ya I-2 ilitolewa bure, na jeni ya kundi la 5 ni ya virusi vilivyopatikana kwa kuku wetu. Chanjo itakayotoka humo inaweza kuwa mali ya umma tangu siku ya kwanza, na ningependa iandikwe hivyo kabla ya senti ya kwanza ya utafiti kutolewa.

Na je, nyama na mayai ya kuku aliyechanjwa ni salama? Mwili wa kuku huzivunja protini hizi, nasi tunaipika nyama na mayai. Tahadhari ya kweli ni nyingine: kirusi cha mdondo, hata kile kipole cha chanjo, kikiingia kwenye jicho la binadamu kinaweza kulifanya jekundu kwa siku chache. Mchanjaji anawe mikono na asijiguse uso.

Jaribio lenyewe naliona hivi. Lianze ndani ya majengo yaliyofungwa, Morogoro au Kibaha, mpaka ithibitike kwamba kirusi kipya hakigeuki kuwa kikali kikipita kuku mmoja hadi mwingine. Kikishavuka hapo na kibali kikapatikana, kije Simiyu, kwa kuwa ndani ya mkoa mmoja tuna ukavu wa Meatu na unyevu wa kando ya ziwa Busega. Vijiji vya kundi la kwanza vipate I-2 ya kawaida na vya kundi la pili vipate hiyo mpya, wala kusiwe na kijiji kinachoachwa bila chanjo kwa ajili ya kulinganisha. Chupa zisafirishwe kama zitakavyosafirishwa siku zote, bila barafu, na nyingine zirudishwe maabara baada ya wiki kadhaa zipimwe zimebaki na uhai kiasi gani. Kila mwezi kuku wahesabiwe, wachukuliwe damu na usufi wa koo, kwa ridhaa ya mama mwenye kuku na si ya mwenyekiti wa kitongoji peke yake. Kipite kiangazi kizima, kisha kingine. Na matokeo, yakiwa mazuri au mabaya, yasomwe kwanza vijijini humo, mbele ya waliowafuga kuku hao, ndipo yachapishwe.